Mpira Mikononi mwa Kupe

Kiwiko kilimpata mdomoni, jino likamchana ulimi, na bado Kupe hakuachia mpira. Aliudunda kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukipangusa damu. Mfyatua matofali wa timu pinzani aliyempiga alimfuata bega kwa bega, akimhemea sikioni.

"Yale mashuka unayofua," alimwambia, "leo utayalalia."

Kupe alizidi kuudunda. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu mpira ukishamfikia, kumbandua nao ni kazi. Wenzake hao wanne sasa walikuwa wamesimama. Mchezo wa kikapu ulipoanza walikimbia, walijitenga, walinyoosha mikono, mpaka wakachoka kuomba. Wafyatua matofali nao wakaacha kuwakaba, wakamjia yeye, wawili, kisha watatu. Goti likamwingia pajani. Kidole kikamchimba jicho. Akaanguka juu ya mpira, akaukumbatia, na teke likamfuata mbavuni kabla mwamuzi hajapuliza filimbi.

Fundi wa mashine za kufulia, ambaye ndiye kocha wao, aliomba mapumziko.

"Mama, huo mpira umeuzaa?" alimuuliza. "Hebu watazame wenzako. Wanasimama kama nguo kambani, wanangoja upepo."

"Nikiutoa watamuumiza."

Hakutaja nani, wala Fundi hakuuliza. Mdogo wake Kupe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakaza kamba za viatu. Taya lake lilikuwa limepinda kidogo tangu msimu uliopita, aliporukia pasi ya dada yake mbele ya wanawake hawahawa, akashuka na ngumi ya uso. Kupe ndiye aliyemnywesha supu kwa mrija mpaka waya za kufungia taya zilipotolewa. Tangu siku hiyo hakumpa pasi tena.

"Dada," mdogo mtu alisema bila kuinua kichwa, "kazini tunakamua mashuka mimi na wewe. Ncha hii yako, ile yangu. Usipoachia kwa wakati, nani anateguka mkono?"

"Wewe."

"Haya."

"Hapa si kazini. Hawa wanaua, mdogo wangu."

"Wanakuua wewe, na mimi nimesimama natazama. Unadhani hilo haliumi?" Akatema mate pembeni. "Afadhali taya."

Mchezo uliporudi, kiwiko kilekile kilikuja kutafuta mdomo uleule. Kupe aliinama, kikapita juu. Wawili wakamvamia. Karibu na mstari alimwona mdogo wake amejitenga, mikono wazi kifuani, vilevile anavyongoja ncha ya shuka. Vidole vya Kupe vilikaza. Kisha vikaachia.

Mdogo mtu alidaka, akaruka, akarusha. Bega la mfyatua matofali lilimkuta hewani, likambwaga sakafuni kwa kishindo. Mpira ulizunguka kwenye pete, ukatumbukia. Kupe hakuuona. Alikuwa amepiga magoti, anapapasa lile taya.

"Niache bwana," mdogo wake alisema. Unyusi ulikuwa umepasuka, damu inamwingia jichoni. "Nenda kazuie. Ukiupata, niletee tena."

Akamletea tena. Akawapelekea na wengine, maana wote walikuwa wameanza kukimbia, na wafyatua matofali wakakosa kujua wampige nani. Wakawapiga wote.

Kina Kupe walishindwa kwa kikapu kimoja. Fundi alicheka njia nzima ya kurudi, leso imebanwa puani, kwani naye ngumi moja ilimpitia.

Bombani, nyuma ya chumba cha kufulia, dada wawili walilowesha fulana zao. Maji yalikuwa mekundu, wakayamwaga, yakawa mekundu tena. Mdogo mtu alishika ncha moja ya fulana, Kupe akashika nyingine kwa vidole vilivyovimba, wakasokota. Fulana ilikaza kati yao, ikidondosha. Kupe alimtazama mwenzake usoni, jicho lile lililobaki wazi, akingoja limwambie lini aachie.