Soksi Nyekundu ya Verlene

...hapo, hapo hapo, Cleotha ameuchelewesha tena mpigo wa ngoma, kidogo tu, kama mtu anayetaka kukaa halafu akavuta kiti kwanza, na vidole vyangu kwenye gitaa la besi vikamngoja bila mimi kuviambia, tukaangukia pamoja, Mungu wangu, raha iliyoje, uzee wote huu na bado mwili unanisisimka, tunapiga pamoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, humu kwenye sinema hii kuukuu ya Memphis iliyogeuzwa studio, ambayo sakafu yake bado inateremka kuelekea jukwaani, hatuna karatasi za noti, hakuna anayehesabu moja mbili, bega la Cleotha likishuka tumeanza, basi, na sasa binti mwimbaji ameshamaliza maneno yake, wimbo ulipaswa kuisha, lakini hakuna anayeacha, tunazunguka pale pale mwishoni, kanda ya kurekodi inakwenda, nami sitaki uishe kwa sababu ukiisha itabidi niwaambie... niwaambie kwamba ngoma siisikii tena, tangu majira ya baridi sauti nzito zimenihama masikioni, zimeondoka kama wageni wasioaga, mpigo ule sikuusikia, niliuona, begani kwa Cleotha, nawadanganya kwa macho, na mpiga besi asiyesikia ngoma ni wa nini, watafute mwingine, nitasema hivyo nikiwa nafunga besi mkobani, bila kulia... lakini ona Verlene anavyokikandamiza kinanda, sakafu inatetemeka hadi magotini kwangu, asubuhi aligombana na wabebaji, kigeuzeni, kigeuzeni, mwanga unaniumiza macho, wakakigeuza kinanda kizima kikanitazama mimi... mwanga gani, humu hakuna hata dirisha... na mguu wake, Verlene wa kofia na glavu za Jumapili, Verlene asiyevua kiatu mbele ya mtu, mguu mmoja uko peku, siyo peku, una soksi, nyekundu kama pilipili, unapanda na kushuka, kila mpigo, wazi, mbele ya macho yangu, kwa nini nyekundu, na Cleotha, tulikuwa tukimtania kwamba anapiga ngoma kama anayemenya njegere, hatikisiki, lini alianza kuinua bega namna hii kama anayefukuza kuku, nilimuuliza akasema mifupa, Hosea, mifupa, uzee huu... ilikuwa majira ya baridi. Majira yale yale. Wanajua, wote wawili wanajua, na hawajasema neno, wamenisogezea ngoma machoni kidogo kidogo kama unavyomsogezea mtu sahani ili asione aibu kuomba, ee Mungu, nacheka, machozi yananitoka na nacheka, Verlene ameniona, midomo yake inasema polepole, ikifunguka sana, nami naisoma yote:

"Unashangaa nini, mzee? Piga."

Napiga, mama, napiga, sitasema watafute mwingine, nitasema masikio yangu yamekufa na nitamuuliza soksi ile ameinunua wapi, lakini baadaye, wimbo bado haujaisha, tumefika tena pale pale, bega la Cleotha linapanda, linakaa juu, haliteremki, anachelewesha kuliko maisha yake yote, mshenzi huyu, makusudi, ananitazama, ananingoja, nami namngoja...