Mikono ya Ukutani

Mkutano wa kijiji uliitishwa saa nne asubuhi, ukaanza saa saba, mtendaji Liberatus alipomaliza chai. Veneranda, mfagizi wa ofisi, alipitisha daftari la mahudhurio. Ajenda ilikuwa moja: kukata msitu wa bondeni ili kampuni ipande misonobari. Katika msitu huo ndimo ilimo chemchemi anayochota Veneranda. Maji mengine yako mwendo wa saa mbili.

Vyura wa mitini nao walikuja, maana hawaishi popote duniani isipokuwa bonde lile. Waliamkia, "Kamwene," watu wakaitikia. Viti vilikuwa vimejaa, wakapanda ukutani. Kila mmoja alitia dole gumba kwenye daftari, na Veneranda akawa anakausha karatasi kwa khanga.

Chura mzee alipewa nafasi.

"Mheshimiwa, mayai yetu tunayaning'iniza kwenye majani, juu ya maji. Msonobari hauna jani. Una sindano."

"Umesikika, mzee," Liberatus alisema, akichokonoa meno. "Mtazoea. Wanaokubali, mikono juu!"

Kwenye viti iliinuka mitatu: wake, wa mwenyekiti, na wa Ipyana, mtu wa kampuni, ambaye kwao ni Mbeya na kura hakuwa nayo. Ndipo Liberatus akageukia ukuta. Chura wa mitini hushika ukuta kwa mikono iliyonyooshwa juu, hana namna nyingine. Liberatus akahesabu kwa ncha ya kalamu. Mia nne na kumi na wawili.

Veneranda hakuwahi kusema neno mkutanoni tangu azaliwe. Alisimama.

"Samahani, baba. Hawajakubali hao. Ndivyo wanavyojishikiza."

"Dada, mkono uko juu au uko chini?"

"Uko juu, ila..."

"Basi kaa. Au ufagie."

Watu wakacheka. Ipyana alicheka kuliko wote, na wengi walikuwa wanakunywa soda yake.

Vyura wakashusha mikono kuonyesha kwamba wanakataa. Kila aliyeshusha alianguka sakafuni. Liberatus akamwagiza karani aandike kuwa hao wametoka kikaoni kwa hiari yao, baada ya kupiga kura.

"Wanaopinga?"

Veneranda alinyoosha mkono. Hakuushusha.

"Mmoja," alisema Liberatus. "Andika: mfagizi."

Misumeno iliingia bondeni Jumatatu. Mti wa mwisho ulianguka siku ya tisa, na chemchemi ikabaki tope. Vyura walioweza walihamia kwenye mfereji wa ofisi, wakamwamkia mtendaji kila asubuhi, naye akawa anaitikia bila kuinua macho.

Veneranda sasa hutoka na ndoo kabla jua halijachomoza. Njia yake inapita mbele ya ofisi, na mlangoni umebandikwa muhtasari wenye mhuri. Unasema wananchi wameupokea mradi, wengi wao kwa mikono miwili.