Amri ya Kuhama Mifupani

"KWA WAPANGAJI WOTE WA UBOHO: Mnaamriwa kuihama mifupa hii mara moja. Atakayekaidi atatolewa kwa nguvu. Kwa niaba ya Serikali Kuu ya Mwili."

Tangazo hilo zito liliandikwa nyuma ya pakiti ya biskuti na kubandikwa kwa plasta kwenye mashine ya kukusanyia chembe za damu.

"Mheshimiwa, hii kazi ya nani?" muuguzi aliuliza.

"Sijui, Sista. Serikali ina mambo mengi."

Jina la Mheshimiwa alipewa bwenini shuleni, kwa kuomba chumvi kama anayehutubia bunge. Sasa alilala chali, sindano kila mkono, viwiko marufuku kukunja. Damu ilitoka mkono huu, mashine ikachuja chembe mama, iliyobaki ikarudi mkono ule. Chembe hizo zingehifadhiwa, apewe dawa kali ya kuing'oa saratani ya damu, kisha arudishiwe zitengeneze damu upya. Jana zilipatikana kiduchu. Zisipotosha leo, matibabu yangekwama.

"Kwani zinang'ang'ania nini huko?" aliuliza mama yake, akimkuna pua kwa niaba yake.

"Zina kipokezi, mama, ni kama pua," muuguzi alieleza. " Uboho unatoa kemikali, zikiinusa hazibanduki. Hata chembe za saratani zina pua hiyo, ndiyo maana hujificha humo. Sindano ya jana jioni imeziziba pua."

"Kama sisi na harufu ya bwalo," Mheshimiwa alidakia. "Mama, kushoto kidogo. Hapo! Mungu akuzidishie kucha."

Mama akacheka. Hakujua kwamba midomo ya mwanawe ilichonyota kama iliyopakwa pilipili. Dawa ya kuzuia damu isigande hushusha kalsiamu na kuchonyotesha midomo, na muuguzi alikwishamwonya: ikianza, aseme, kasi ya mashine ipunguzwe. Ipunguzwe, na wapangaji ndio kwanza wanafungasha? Akaficha kwa soga.

Simu ya maabara ikalia. Muuguzi akasikiliza, uso ukamchanua.

"Zimemiminika! Leo tunamaliza. Haya, tupigie ule mluzi wako wa kila asubuhi."

Mheshimiwa akakunja midomo. Ukatoka upepo, kisha mate.

Muuguzi akapunguza kasi papo hapo. "Inachonyota tangu lini?"

"Tangu... pua ilipoanza kukunwa. Niliogopa ukipunguza zitarudi kwao."

"Pua zimezibwa, zitarudi wapi? Tutachelewa tu. Tafuna kidonge hiki cha kalsiamu. Na tangazo?"

"Langu, Sista. Nakiri."

"Ukalibandikaje, mikono imenyooka hivyo?"

Mheshimiwa akamtazama mama yake, ambaye ghafla alivutiwa sana na dari.

"Serikali," alisema kwa unyenyekevu, "ina mawaziri."