Sarafu Mezani kwa Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, alipanga sarafu zake za zamani kwenye meza nje ya duka ili wapita njia wazione. Wengi walicheka.

"Shangazi, hizi hazinunui hata kiberiti," kinyozi wa jirani alimtania.

"Siziweki za kununulia. Hebu shika moja."

Kinyozi akaokota yenye tundu katikati, akaigeuzageuza kiganjani.

"Mama alikuwa akiitia uzi hii, ananifunga mkononi nisiipoteze njiani nikitumwa dukani. Nilishasahau kabisa."

Akavuta kiti. Walikumbushana ya zamani mpaka wateja wa kinyozi wakaja kumtafuta. Jumamosi iliyofuata alileta kopo la sarafu alilolikuta uvunguni mwa kitanda cha marehemu mama yake, akaomba afundishwe kuzipanga.