Supu ya Mgonjwa na Waliokuja Kumwombea

Mume wangu alikuwa anakonda kwa njaa huku nyumba yetu ikilisha nusu ya mtaa wa Kaloleni. Nasema hivyo na sipunguzi neno, na anayebisha aje aniulize mimi niliyekuwa nikipakua.

Mutisya alitoka hospitali baada ya homa ya mapafu, suruali inamshuka mpaka nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari. Daktari, kijana mpole tu, aliniita pembeni akaniambia dawa zimemaliza kazi yake, sasa iliyobaki ni kazi yangu. Ale nafaka, ale maharagwe, ale mboga za majani, na vyote viwe na mchuzi mwingi kwa sababu koo bado linauma. Kisha akasema siku ya kliniki atampima uzito, na akikuta ameshuka tena atamlaza wodini, alishwe kwa mpira wa puani. Mutisya alikuwa amesimama pale pale na alisikia kila kitu. Tulipofika mlangoni kwetu akanishika mkono.

"Mama Muoki, huko sirudi. Afadhali nifie kitandani mwangu."

"Hapa hakuna anayekufa," nikamwambia. "Ingia ulale, mimi nainjika muthokoi."

Sasa, mtu asije akanifundisha muthokoi. Nimezaliwa Ukambani, nimeyatwanga hayo mahindi mpaka yakatoka ganda nikiwa sijajua hata kusuka nywele zangu. Nililoweka, nikaweka jikoni juu ya makaa pamoja na maharagwe na mbaazi, nikayaacha yachemke taratibu mpaka punje zikavimba zikapasuka. Nikaponda kidogo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Nikakaanga kitunguu, nikatia majani ya kunde na mchicha uliokatwa mwembamba, nikafunika. Supu ile ilinukia hadi barabarani, na hapo ndipo nilipojiletea balaa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Khavere, Mama Mitchelle, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja na hotpoti ya chapati, akampa Mutisya pole, akaomba sala fupi, akakaa. Mtu amekuja kumwona mgonjwa, utamwacha akodolee macho sufuria? Nikampakulia. Akaonja, akafumba macho. "Wacha we! Mama Muoki, hii supu inaweza kufufua maiti." Nikafurahi, mjinga mimi. Na kwa kuwa hotpoti ya mtu hairudishwi tupu, nikaijaza supu akaondoka nayo.

Kesho yake wakaja watu wa kanisa wakiongozwa na Mzee Maingi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu. Huyo akisimama kuomba, huanzia uumbaji. Anapita kwa Nuhu, anawaombea viongozi wa nchi, wajane, madereva wote walio barabarani, na akifika kwa mgonjwa mwenyewe, bakuli la mgonjwa limeshapoa na kuota utando juu. Hapo Mutisya anachukua vijiko viwili, anasema ameshiba, anasukuma bakuli. Na Mzee Maingi, ambaye hapendi kuona chakula kikiharibika, analivuta upande wake.

Kila siku ikawa hivyo. Walikuja kumwombea Mutisya apate hamu ya kula, na hamu ikashuka kweli kweli, ila iliwashukia wao. Sifa za supu yangu zilivuka zikafika Shauri Moyo. Walikuja watu ambao Mutisya mwenyewe alikuwa akininong'oneza, "Huyu ni nani?" Na mimi nanong'ona, "Sijui, lakini ameomba aongezewe."

Lakini nitamlaumu nani, wakati mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekuwa akinimaliza? Maisha yake yote Mutisya ana sheria moja, kwamba mgeni hatoki kwake bila kula. Alikuwa dereva wa kaunti, hatuna mali, lakini hilo ndilo alilojivunia. Basi akiwa amelala nyuma ya pazia, sauti imebaki kama ya mbu, bado ananiita, "Mama Muoki! Wageni wamepakuliwa?" Aka! Wamepakuliwa, wamekula, wamejifuta, na wewe mbavu zako nazihesabu kupitia shati.

Nikajaribu njia za adabu. Siku moja nikafunga mlango mchana. Wakazunguka wakabisha dirishani. Siku nyingine nikawaambia mgonjwa amelala. "Usimwamshe," akasema Mzee Maingi, "tutamsubiri." Wakakaa, wakaimba nyimbo za polepole mpaka akaamka. Kumwambia mtu wazi kwamba asije kumwona mgonjwa wako, hilo haliwezekani. Watasema Kavinya, yaani mimi, amekuwa mchoyo, watasema anamficha mumewe, wengine watasema yeye ndiye anayemroga.

Ikafika siku ya kuamkia kliniki. Asubuhi nilipomsimamisha Mutisya nimwoshe, alishikilia ukuta kwa mikono miwili. Nilimpangusa mgongo huku nimeuma midomo, kwa sababu niliogopa, niliogopa sana, na sikutaka aione hofu yangu. Kabla sijamaliza kumvisha, Khavere akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba leo kanisa zima linakuja kumfanyia mgonjwa maombi ya kliniki, nisijisumbue na makubwa, ile supu tu inatosha.

Ile supu tu! Damu ikanipanda kichwani. Nikachukua kiondo nikashuka sokoni Shauri Moyo kwa Ndindi anayeuza mboga, nikamwambia anipe managu, yaani mnavu, siyo yale laini ya maduka makubwa, yale ya majani madogo yanayoota yenyewe.

"Hayo ni machungu, mama," Ndindi akanionya. "Uchemshe, umwage maji ya kwanza, halafu utie maziwa yalale humo."

Nikamwambia asante, Mungu akubariki. Nilipofika nyumbani sikumwaga hata tone. Nilitia managu mengi kuliko mahindi, na maji yake yote, sikutia maziwa, sikutia kitunguu, chumvi nikaisahau kwa makusudi. Mchuzi ukawa mweusi wa kijani. Nikaonja kwa ncha ya kijiko na ulimi ukataka kukimbia mdomo. Supu nzuri ya Mutisya, yenye kunde na mbaazi, niliipika kando katika kasufuria kadogo nikaificha chini ya kitanda.

Walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo. Mzee Maingi alikuwa ndiyo kwanza anamwingiza Nuhu kwenye safina nilipoanza kugawa mabakuli, nikimkatiza kwa heshima zote. Chakula kimoto kisisubiri, nikasema. Wakashika vijiko, wakainamisha vichwa, wakatia mdomoni.

Khavere alinitazama, akatazama bakuli, akameza kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Mama mmoja akakumbuka ameacha nguo kwenye kamba. Mwingine akakumbuka mtoto. Mzee Maingi aliugeuza ule mchuzi mdomoni muda mrefu, macho yamemjaa machozi ya utakatifu, kisha kwa mara ya kwanza tangu niolewe mtaa huu nikamsikia akisema, "Jamani, mgonjwa kwanza." Akainuka, akapita nyuma ya pazia, akaliweka bakuli lake zima mikononi mwa Mutisya. Halafu akatuombea sala ambayo sijawahi kusikia fupi hivyo kutoka kwake, hata Nuhu alibaki majini.

Mimi nilikuwa mlangoni nikiwasindikiza kwa ukarimu ambao hawataukuta popote. Nani ameleta hotpoti? Lete hapa, hairudi tupu! Nikawajazia moja baada ya nyingine, nikikwangua sufuria mpaka chini, huku wakisema inatosha, Mama Muoki, inatosha kabisa. Nilipofunga mlango nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha nikakumbuka lile bakuli. Woi! Mutisya na koo lake! Nikafungua pazia mbio na kasufuria kake mkononi. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, jasho linamtoka puani, na bakuli la Mzee Maingi lilikuwa jeupe.

"Umemwaga wapi?" nikamuuliza.

"Nimwage kwa nini? Nimekula. Kuna nyingine?"

Nikadhani homa imerudi. Nikamgusa paji, lilikuwa baridi. Nikampakulia ile nzuri, yenye kitunguu na chumvi yake, akatia kijiko kimoja mdomoni, akakishusha taratibu.

"Hii sitaki. Ile ya wageni."

"Mutisya, ile ni chungu!"

"Ndiyo. Ni chungu." Akatabasamu. "Mama Muoki, tangu hospitali mimi sioni ladha ya kitu. Chai, uji, supu yako, vyote kama kutafuna gazeti. Nawasikia watu pale nje wanasifu, wanaongezewa, na mimi ninayo hiyo hiyo mdomoni na hakuna kitu. Nikasema moyoni, mwili umeanza kufunga, umeanzia ulimi. Ningekwambiaje hivyo? Leo ndiyo nimeonja. Nimeonja, Kavinya."

Tangu tumzae Muoki hajawahi kuniita Kavinya. Nilikwenda jikoni nikatazama ndani ya sufuria niliyokwangua mwenyewe kwa roho mbaya, na hakukuwa na hata jani la kumpelekea. Sokoni Ndindi alikuwa ameshafunga. Supu yote ya kumponya mume wangu nilikuwa nimeitawanya mtaani, na tena kwa kuwasukumizia watu.

Basi nikavaa malapa nikaenda kwa Khavere. Nilimkuta mezani, hotpoti mbele yake, kifuniko hakijafunguliwa.

"Mama Mitchelle, naomba ile supu."

"Supu gani?"

"Niliyokupa."

Akanitazama juu mpaka chini. "Unaomba chakula ulichonipa kwa mkono wako?"

"Naomba."

"Nilikuwa nimekaa hapa nakuhurumia," akasema. "Kwetu hata mtoto anajua managu humwagwa maji ya kwanza. Nikasema maskini, mgonjwa amemchosha, sasa anasahau mpaka mapishi. Nilitaka kesho nije nikupikie."

Huruma yake ilinichoma kuliko matusi. "Sikusahau," nikamwambia. "Nilitaka muondoke. Mmemla mume wangu, Mama Mitchelle. Kila siku mnakuja, mnakula, na yeye anaisha."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki lake.

"Ungetuambia," akasema.

"Ningekuambia, ungenielewa?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Hapana. Ningekununia mwaka mzima."

"Basi ninunie, lakini nipe supu. Mutisya anaila. Anaiona ladha hiyo tu, nyingine haoni."

Akasimama, akanisukumia hotpoti, na kwa mazoea miguu yake ikaanza kutafuta viatu chini ya meza. Alipojiona, akarudi akakaa. "Leo siji," akasema, bado amenuna. "Ukiimaliza hiyo, nina managu yangu hapo dirishani. Sitayamwaga maji." Nilimshukuru, nikaibeba hotpoti kwa mikono miwili.

Nikarudi nikampakulia Mutisya bakuli limejaa. Alikula ameliegemeza kifuani, akipumzika, akirudia, akiguna kila mara uchungu ulipomshika, na kila akiguna mimi roho yangu inatulia. Ilikuwa imebaki nusu tuliposikia mlango.

"Hodi! Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Mzee Maingi, na nyuma yake miguu mingi. "Mama Muoki, tumerudi! Tuliondoka haraka, roho zimetushtaki. Tumekuja kumalizia maombi!"

Nikainuka, mazoea ni kitu kibaya. Mutisya akanidaka upindo wa leso.

"Kaa."

"Ni Mzee Maingi."

"Najua ni nani. Sijawa kiziwi." Akaliegemeza bakuli karibu zaidi na kifua. "Kaa kimya, wataondoka."

Nikamwangalia mtu huyu wa mgeni hatoki bila kula, akizima redio ya kando ya kitanda kwa kidole kimoja ili wasijue tupo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Walibisha tena, wakanong'ona, mmoja akasema labda mgonjwa amezidiwa wamemkimbiza hospitali. Basi Mzee Maingi akaamua kuomba pale pale mlangoni, na safari hii hakuacha mtu. Alianzia uumbaji, akamvusha Nuhu salama, akawataja madereva, akapandisha sauti akamlilia Mungu amrehemu mtumishi wake Mutisya, amfungue kinywa, amrudishie hamu ya kula.

Mtumishi alikuwa analamba kijiko. Mimi nimejiziba mdomo kwa leso, machozi yananitiririka, na ungeniuliza kama ninacheka au ninalia nisingekujibu. Nje wakasema amina kwa pamoja, na Mutisya akaninyooshea bakuli nimwongeze.