Bata wa Wahome

Mimi na Wahome tulikuwa wazee wajinga wenye furaha. Kila Jumamosi asubuhi tulishuka hadi kwenye bwawa lililo nyuma ya machimbo ya mawe, nje kidogo ya Kitengela, tukazamisha mitego miwili ya waya yenye matumbo ya kuku, kisha tukajificha kwenye matete na manati zetu. Kaa huchukua saa nzima kuingia mtegoni, na saa hiyo ndiyo ilikuwa ya bata mwitu. Kuwinda kumekatazwa, tulijua. Majirani walitucheka zaidi kwa sababu ya kaa. "Hizo wadudu mnakula aje?" Wahome alizoea kaa alipokuwa dereva wa lori la Mombasa, akaniambukiza.

Macho yake yalipofifia alinyang'anywa lori. Akabaki na bata tu. Basi nikaanza ujanja: akivuta manati, nami navuta. Bata akianguka, napiga makofi na kumsifu kwa jina la binti yake: "Baba Caro, umemmaliza!" Nilifanya hivyo miaka miwili. Akirudi nyumbani alimshika bata shingoni ili kila mtu amwone, nami nyuma na ndoo ya kaa, na sikuona wivu hata kidogo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano tulipata kaa kumi na saba. Hatukuwa tumewahi kupata hata kumi. Wahome akaikanyaga ndoo bila kuiona, ikapinduka, kaa wote wakarudi majini. Badala ya kuomba msamaha, akacheka.

"Wacha ziende. Mimi niko na bata yangu."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kinywa changu hakina breki. "Bata gani yako? Tangu mwaka juzi hujapiga hata moja! Ni mimi napiga!"

Alimlaza yule bata kwenye nyasi, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akaenda zake.

Jumamosi tatu nilikwenda bwawani peke yangu nikakaa tu. Ya nne nikaenda kwake. Mkewe, Nyawira, alinipa chai akatuacha. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini Wahome akanitangulia.

"Nzau, sina vita na wewe. Nataka kujua kitu moja tu. Ile siku watu walikuja kuomba Caro, nilisimama mbele ya wakwe nikawaambia, hii bata mnakula nimepiga mwenyewe. Hiyo ilikuwa yangu?"

Haikuwa yake. Lakini nani angejua? "Yako," ningesema, na mambo yangeisha. Miaka miwili nilimdanganya bila hata kuulizwa, na siku aliyoniomba, nilitazama kikombe changu nikiutafuta uongo wangu. Nilichelewa kujibu.

"Sawa," akasema, akamwita Nyawira aje aniongezee chai.