Kigae Kilichombeba Mama Mkwe

Kila mara fundi vigae alipokaa na mama mkwe wake, maneno yalimkauka kinywani. Bibi huyo alikuwa msokota kamba, mwanamke wa mwili na sauti, na katani zote za karakana ya fundi zilitoka kwake. Alizileta mwenyewe, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakagua kazi bila kuombwa.

Fundi alichanganya katani na saruji apate vigae vyepesi vya kuezekea. Kwa macho vilipendeza, ila nguvu hazikuwepo. Ukikigonga kimoja, kinapasuka, na majirani walishaanza kuviita biskuti. Jina hilo lilimchoma.

Mkewe alimshauri aachane na katani. Yeye aliokota kigae kilichovunjika, akakichunguza kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi zilikuwa zimechomoka nzima nzima, na pale zilipokuwa zimelala, saruji ilikwaruzika kwa kucha ikamwagika unga. Ndipo akili ikamfunguka: saruji haikuwahi kuushika uzi. Katani ilibaki na utomvu wenye sukari, na sukari huizuia saruji isikaze.

Sasa nani atamwambia mkwe kwamba mzigo wake una kasoro? Fundi aliyazungusha maneno weee, mpaka bibi akachoka.

"Baba, sema. Katani zangu zina nini?"

"Zina utamu, mama."

Bibi alicheka hadi ndoo ikayumba. Akasema tangu aanze kusokota kamba hakuna aliyewahi kumsifu hivyo.

Fundi akamweleza habari ya ile sukari, kisha wakaingia kazini wote watatu, yeye, mkewe na bibi. Walichemsha katani kwenye pipa, wakazisuuza mpaka maji yakatoka meupe, wakazianika, wakazikata fupi kama kidole kwa sababu zile ndefu zilijikunja mafundo. Mkupuo wa kwanza ulichemka kupita kiasi, nyuzi zikalegea, wakazitupa. Hakuna aliyenuna. Sehemu ya saruji fundi aliibadilisha kwa majivu ya pumba za mpunga, ili saruji isizile nyuzi kadiri miaka inavyokwenda. Kisha akavigandamiza vigae kwa uzito, akavifunika magunia mabichi vikomae taratibu.

Siku ya kujaribu, alikilaza kigae juu ya matofali mawili, huku na huku, akaanza kukipandishia mzigo. Majirani walijaa mlangoni. Kigae kilitulia. Mmoja akanong'ona kwamba mzigo wenyewe ni mwepesi.

Mama mkwe akasimama, akavua viatu.

Mkwe akianguka mbele za watu, fundi atauweka wapi uso wake? Lakini bibi alikwisha kuushusha mzigo wote chini, akamshika fundi bega, akapanda kwa miguu yote miwili.

Kigae kilibonyea kidogo. Hakikuvunjika.

Fundi alipiga magoti akachungulia chini yake. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa huo nyuzi zimekaza, zimeng'ang'ania pande zote mbili. Kifua kikamjaa.

"Kimepasuka?" mkewe akauliza.

"Kimepasuka na kimekataa kuachia," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Njooni muone katani za mama."

Wakainama mmoja mmoja kutazama. Bibi hakushuka. Alijitengeneza kanga, akaagiza dada yake aitwe kwanza, aje amkute palepale juu ya kigae, ajionee mwenyewe.